Vitabu Vikongwe vya Hisabati: Kipi Ukisome, Kipi Ukiweke

Mwaka 1908 mwalimu mmoja wa Chuo cha Trinity, Cambridge, alitoa kitabu cha kuwafundisha vijana wa mwaka wa kwanza misingi ya kalkulasi. Mwalimu huyo aliitwa G. H. Hardy, na kitabu chake kikaitwa A Course of Pure Mathematics. Zaidi ya miaka 100 imepita na bado kinachapwa. Hardy alifariki mwaka 1947, hakimiliki ya matoleo yake ya mwanzo imekwisha, na toleo la tatu la 1921 lipo kwenye maktaba ya Project Gutenberg. Mwanafunzi wa Songea au Kisumu mwenye bando dogo tu anaweza kulishusha leo jioni bila kulipa senti wala kuvunja sheria.

Ndipo linapozuka swali ninaloulizwa mara kwa mara na wanafunzi wa kidato cha sita, wa mwaka wa kwanza chuoni, na hata walimu. Je, kuna faida yoyote kuhangaika na kitabu cha namna hii wakati video za masomo zimejaa kwenye simu na programu za akili mnemba zinakokotoa lolote unaloziuliza?

Faida ipo, na ni kubwa. Lakini haipatikani katika kila somo, wala kwa kila msomaji, na mara chache sana hupatikana na anayekifanya kitabu kikongwe kuwa kitabu chake cha kwanza. Ushauri wangu wote katika makala haya umesimama hapo: kikongwe kisomwe kama kitabu cha pili, kisomwe kwa mazoezi yake, na kichaguliwe sura kwa sura.

Watetezi wa vitabu hivi hupenda kusema kwamba hisabati haizeeki. Ni kweli. Uthibitisho wa Euclid kwamba namba tasa hazina mwisho una zaidi ya miaka 2,200 na haujapata ufa hata mmoja, wakati daktari atakayetibu leo kwa kitabu cha mwaka 1908 atawadhuru wagonjwa wake. Ila watetezi hao huruka jambo moja. Ukweli kutozeeka hakumaanishi kwamba kitabu kilichoubeba nacho hakizeeki. Alama huzeeka. Lugha huzeeka. Mpangilio wa mada huzeeka, na zaidi ya yote, sababu ya kufundisha mada fulani na kuiacha nyingine huzeeka. Mwanafunzi asiyejua hivyo hukwama ukurasa wa 10, akadhani tatizo ni akili yake.

Tuanze na alama, kwa sababu ndizo zinazowakwaza watu mapema. Higher Algebra ya Hall na Knight ilitoka mwaka 1887 na hadi leo inachapwa, hasa India, na nakala zake zinafika Afrika Mashariki. Ni hazina ya maswali. Lakini ukitafuta faktoria ndani yake hutaiona alama ya mshangao uliyoizoea. Wao huiandika n ndani ya kona, mstari mmoja wima kushoto na mwingine chini yake, kama herufi L iliyoibeba namba. Asiyeambiwa mapema ataipita sura nzima ya mipangilio na uteuzi bila kuelewa swali linauliza nini.

Kisha kuna fedha. Maswali ya vitabu vya Kiingereza vya zama hizo yamejaa pauni, shilingi na peni. Msomaji wa kwetu yumo hatarini kuliko hata wa Ulaya, kwa sababu neno shilingi analijua tangu utotoni na hivyo halimshtui. Shilingi ya Afrika Mashariki tangu ilipoanza mwaka 1921 imekuwa na senti 100. Shilingi ya Uingereza ilikuwa na peni 12, na pauni ilikuwa na shilingi 20, hadi Waingereza walipobadili mfumo mwezi Februari 1971. Kijana akigawa kwa 100 pale panapotakiwa 12, hesabu yake yote inakwenda kombo huku kanuni aliyotumia ikiwa sahihi kabisa. Maswali ya aina hiyo yarukwe. Hayana hisabati usiyoweza kuipata kwingine.

Jambo zito zaidi ni makosa. Wengi hudhani kitabu kikisifiwa kwa karne nzima basi kila sentensi yake ni salama. Cauchy, mmoja wa waliojenga misingi ya kalkulasi, aliandika katika Cours d'analyse ya mwaka 1821 kwamba ukijumlisha mfululizo wa funksheni zisizokatika, na jumla ikawa na kikomo, basi jumla hiyo nayo haikatiki. Mwaka 1826 Abel, kijana wa Norway, alionyesha mfano unaolipinga dai hilo: sin x, toa nusu ya sin 2x, jumlisha theluthi ya sin 3x, na kuendelea hivyo bila mwisho. Kila kipande ni laini, hakina mpasuko. Jumla yake ni x/2 kwa kila x iliyo kati ya −π na π. Ikaribie π na jumla inakaribia π/2, yaani zaidi kidogo ya 1.57. Ifikie π yenyewe, na kila kipande kinakuwa 0, kwa hiyo jumla ni 0. Imeporomoka ghafla. Ilichukua miaka mingi baada ya hapo wanahisabati kukubaliana ni sharti gani hasa lililokosekana.

Simtaji Cauchy ili kumshusha hadhi. Namtaja kwa sababu ya ushauri wa vitendo unaofuata: ukichukua kitabu kikongwe, tafuta toleo la mwisho lililopitiwa na mwandishi au na wataalamu baada yake, usikimbilie toleo la kwanza kwa sababu tu lina sifa ya kuwa la kwanza. Hardy mwenyewe alikisahihisha kitabu chake. Toleo la pili la 1914 ndilo aliloliongezea muhtasari wa nadharia ya Dedekind ya namba halisi pamoja na uthibitisho wa kanuni ya Heine na Borel, vitu ambavyo leo hakuna mwalimu wa chuo anayeweza kuviacha. A Course of Modern Analysis ya Whittaker ilianza mwaka 1902, Watson akaungana naye katika toleo la 1915, na toleo la nne la 1927 likatumika kwa vizazi hadi la tano lilipotoka mwaka 2021 likiwa limepangwa upya herufi kwa herufi. Anayeweza kulipata hilo la tano katika maktaba ya chuo asihangaike na kopi zilizofifia za la kwanza.

Kuna pia yale ambayo hayamo kabisa, na hapa ndipo namwomba msomaji awe mkali. Ukisoma Hardy kutoka jalada hadi jalada hutajifunza aljebra ya vekta na matriksi. Vitabu vya aljebra vya wakati wake vina sura juu ya diterminanti, lakini wazo la nafasi ya vekta kama tunavyolifundisha leo lilienea vitabuni baadaye, baada ya kazi kama Moderne Algebra ya van der Waerden ya 1930 na 1931 na kile kitabu kidogo cha Halmos cha 1942. Leo anayetaka kuchambua data, kuunda programu, kufanya uhandisi wa umeme au kuelewa jinsi akili mnemba inavyofanya kazi anahitaji matriksi kabla ya kitu kingine chochote. Kwa somo hili acha vikongwe. Soma Gilbert Strang, ambaye mihadhara yake ya Chuo cha MIT ipo bure kwa video, kisha fanya mazoezi ya kitabu chake.

Takwimu ni vivyo hivyo. Misingi ya uwezekano kama inavyofundishwa sasa iliwekwa na Kolmogorov mwaka 1933, na vitabu vya takwimu vya kabla ya kompyuta vilitumia kurasa nyingi kufundisha njia za mkato za kukokotoa kwa mkono. Njia hizo zilikuwa za lazima kwa mtu mwenye penseli na jedwali la logi. Wewe huna sababu ya kuzibeba. Kwa uwezekano peke yake namtoa Feller, ambaye juzuu yake ya kwanza ya mwaka 1950 imejaa mifano ya kufurahisha ambayo sijaona ikipitwa.

Sasa tuje kwenye utajiri.

Vitabu vikongwe viliandikwa kwa watu waliotegemewa kukokotoa. Mashine haikuwapo, kwa hiyo mwandishi alilazimika kumpa mwanafunzi ujanja wa mkono, mwingi, wa kila aina. Mitaala ya baadaye ilipunguza sehemu hiyo ili kupata nafasi ya mambo mapya, na ilikuwa na haki. Lakini baadhi ya ujanja ulioachwa ulikuwa na nguvu sana. Mfano unaojulikana ni wa Richard Feynman, mwanafizikia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1965. Alipokuwa sekondari, mwalimu wake wa fizikia alimpa Advanced Calculus ya Frederick Woods, kitabu cha mwaka 1926, akajifunza humo njia ya kutafuta derivativu ndani ya alama ya intigrali. Chuoni wenzake waliposhindwa na intigrali fulani walimletea, naye akaifungua kwa njia ambayo wao hawakufundishwa.

Tuijaribu hapa hapa. Chukua intigrali kutoka 0 hadi 1 ya xᵃ − 1, yote ikigawanywa kwa ln x. Kubadili kigeu hakukufikishi popote, na kuivunja sehemu kwa sehemu hakusaidii. Basi iite I(a), kisha badala ya kupambana na x, tafuta derivativu kwa upande wa a. Derivativu ya xᵃ kwa a ni xᵃ ln x. Ln x ya juu inaifuta ln x ya chini. Ndani kunabaki xᵃ peke yake, ambayo intigrali yake kutoka 0 hadi 1 ni 1/(a + 1). Ukiweka a = 0 intigrali ya mwanzo ni 0. Kwa hiyo I(a) ni ln(a + 1), kwa kila a iliyo kubwa kuliko −1. Weka a = 2 na jibu ni ln 3, takriban 1.0986. Mistari mitatu ya kazi, na swali lililoonekana ukuta limekwisha. Kitabu cha Woods, cha Whittaker na Watson, cha Goursat kwa wanaosoma Kifaransa kule Bujumbura, Bukavu na Lubumbashi, vimejaa mambo ya aina hii. Kalamu ikishayazoea, hayapotei tena.

Utajiri wa pili ni sauti. Hardy anazungumza na msomaji. Katika sura ya nne, kabla ya kutoa maana rasmi ya kikomo, anatumia kurasa kadhaa kumtoa mwanafunzi katika fikra kwamba kuna namba fulani kubwa mno iitwayo infiniti ambayo n itaifikia siku moja. Anarudia, anageuza maneno, anatoa mfano, anauliza swali na kulijibu. Linganisha na Principles of Mathematical Analysis ya Walter Rudin, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1953, ambayo ndiyo inayotumika katika vyuo vingi duniani. Rudin ni mfupi, safi, kila neno lina kazi. Namheshimu sana. Lakini ni mwandishi anayekupa uthibitisho ukiwa umekamilika, bila kukuonyesha mtu aliufikiaje, na vijana wengi wenye uwezo huzama hapo kwa kukosa mtu wa kuzungumza nao. Kwa kijana wa namna hiyo Hardy akiwekwa pembeni ya Rudin ni msaada mkubwa.

Na Hardy mwenyewe alitengenezwa na kitabu kilichomtangulia. Alipokuwa mwanafunzi Cambridge, mwalimu wake Love alimshauri asome Cours d'analyse ya Mfaransa Camille Jordan, na baadaye Hardy alisema kwamba ni kitabu hicho kilichomfunulia hisabati ni nini hasa. Vitabu vya Kiingereza vya wakati huo vilikuwa nyuma kwa ukali wa hoja. Aliandika chake ili kuziba pengo hilo.

Katika mazungumzo ya vitabu vikongwe jina la Ramanujan halikosekani, na mara nyingi hutajwa vibaya. Srinivasa Ramanujan alizaliwa mwaka 1887 kusini mwa India na kukulia mji wa Kumbakonam. Akiwa mvulana alisoma trigonometria ya Loney, na mwaka 1903, akiwa na umri wa miaka 15 hivi, akapata kuazima Synopsis ya G. S. Carr, mwalimu wa twisheni wa Kiingereza aliyekusanya maelfu ya fomula kwa ajili ya wanafunzi waliojiandaa kwa mtihani. Kitabu kile hakikuwa bora. Kilikuwa tayari kimepitwa, na uthibitisho ndani yake ni mdogo au haupo. Ramanujan akakigeuza kuwa zoezi moja kubwa: kila fomula akaitafutia njia yake mwenyewe. Tunajua alikofika. Mwezi Januari 1913 alimwandikia Hardy, na mwaka uliofuata akapanda meli kwenda Cambridge.

Wengi huishia hapo na kusema: mnaona, kitabu kimoja cha zamani kinatosha. Nawasihi wasome na upande wa pili. Hardy alishangazwa na aliyoyajua Ramanujan, na alishangazwa pia na asiyoyajua. Nadharia ya funksheni za namba changamano, ambayo Ulaya ilikuwa imestawi kwa miongo mingi, hakuwa ameiona, maana Carr hakumfundisha. Wazo lake juu ya uthibitisho lilikuwa hafifu. Dai lake kuhusu namba tasa, alilokuwa na uhakika nalo, lilikuwa na kosa, na kosa lilitokana moja kwa moja na pengo hilo la namba changamano. Chuoni kwao alipoteza ufadhili kwa kushindwa masomo mengine. Kitabu kikongwe kilimpa mkono wenye nguvu usio na mfano, na kikamnyima ramani. Kijana wa leo hana sababu ya kukubali kunyimwa ramani, maana ramani ipo bure mfukoni mwake.

Basi nani asome nini?

Aliye kidato cha tano au cha sita, kwenye tahasusi za PCM (fizikia, kemia na hisabati) au EGM (uchumi, jiografia na hisabati), mtihani ndio mbele yake na muda wake ni mfupi. Backhouse na Houldsworth, ambao kitabu chao cha kwanza kilitoka mwaka 1957, wamefundisha vizazi vya Afrika Mashariki, na pamoja na Tranter na Bostock na Chandler bado wanafaa kwa kalkulasi, trigonometria na jiometri ya kuratibu. Linganisha yaliyomo na muhtasari wa sasa kwanza, kisha uweke alama ya penseli kwenye sura zinazohusika tu. Hall na Knight chukua kwa mambo mawili: mifululizo, pamoja na kanuni ya bainomia. Hardy asubiri mtihani upite. Ile miezi kati ya mtihani wa mwisho na kuanza chuo, ambayo vijana wengi huipoteza, ndiyo inayomfaa.

Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayesoma hisabati yenyewe, kitabu cha kwanza kiwe cha kisasa na chenye upole. Understanding Analysis ya Stephen Abbott ni mwanzo mzuri, na Calculus ya Michael Spivak ya mwaka 1967, ambayo nayo sasa inaitwa kongwe, ina mazoezi ambayo sijui kitabu kingine kinachoyafikia. Hardy awe wa pili, kwa sura ya nne, ya tano na ya nane.

Mhandisi, mchumi au mtu wa kompyuta anayerudia hisabati akiwa kazini nampa jina moja tu, Calculus Made Easy ya Silvanus Thompson, mwaka 1910. Thompson alikuwa mhandisi wa umeme na kitabu alikitoa bila kuandika jina lake. Anaichukulia dx kama kipande kidogo cha x na kuendelea na kazi, jambo lililowaudhi wanahisabati wa wakati wake. Ukali haupo humo, na kwa anayetaka kuwa mwanahisabati hakitoshi. Kwa anayetaka kalkulasi irudi mikononi ndani ya majuma machache ni kitabu kizuri kuliko vingi vinavyouzwa leo, nacho kipo bure Project Gutenberg.

Walimu ndio ninaowasihi zaidi. Mwalimu anayetunga maswali yake kutoka mitihani iliyopita peke yake humzoesha mwanafunzi kutambua sura ya swali badala ya kulifikiria. Mazoezi ya Hardy na ya Whittaker na Watson mengi yametoka mtihani wa Tripos wa Cambridge, na Hardy huandika hata mwaka. Hayakutungwa kwa muhtasari wetu, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna mwanafunzi aliyekariri majibu yake. Chukua moja kwa juma, libandike ukutani, usitoe jibu. Na kwa namna ya kueleza, msome Euler. Elements of Algebra aliiandika akiwa karibu kipofu, na inasimuliwa kwamba aliisema kwa mdomo huku kijana aliyewahi kujifunza ushonaji akiandika. Kijana huyo, kwa kusikiliza tu, akaishia kuijua aljebra. Ukiisoma utaamini. Hakuna hatua anayoiruka kwa kudhani msikilizaji anajua.

Walimu wa umri fulani watakumbuka pia vitabu vya Entebbe vya miaka ya 1960, vilivyotungwa Uganda kwa ushirikiano wa Waafrika, Wamarekani na Waingereza, vikiweka seti na muundo mbele ya hesabu za kawaida. Vilikuja kama hisabati mpya itakayozika ya zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya iliachana na mwelekeo huo. Upya peke yake haukuwahi kuwa sifa ya kutosha, na uzee vilevile.

Kuhusu namna ya kusoma, nina mambo machache ya kusisitiza. Fungua daftari, na kurasa mbili za mwanzo ziwe za alama: upande mmoja alama ya kitabu, upande wa pili unayoitumia wewe. Kila neno la Kiingereza cha kale linalokukwaza liingie humo pia. Kiingereza cha hisabati kina maneno machache yanayojirudia, na ukishayaandika 100 hivi lugha haikusumbui tena. Soma uthibitisho mara moja, funga kitabu, uandike. Ukishindwa, fungua utazame mstari mmoja tu, ufunge tena. Kurasa mbili kwa jioni zinatosha kabisa, na atakayekuambia amemaliza kitabu cha aina hii kwa majuma mawili hakukisoma.

Vitabu hivi mara nyingi havina majibu, na zamani hilo lilimwacha mwanafunzi wa peke yake gizani. Hapa zama zetu zimempa msaada halisi. Ukimaliza zoezi, chora funksheni kwa GeoGebra au Desmos uone kama inafanya ulivyodai. Intigrali ile ya juu, iweke kwenye programu ya kukokotoa uone kama inatoka 1.0986. Akili mnemba nayo itumie kwa mpangilio huo huo: kazi yako kwanza, yote, kwa mkono, kisha uiombe ikutafutie hatua yenye ufa. Ukianza kwa kuiomba jibu umejinyima kile pekee ulichokifuata katika kitabu hiki. Na usiiamini bila kuhakiki, maana nayo hukosea kwa lugha ya kujiamini.

Angalia pia unashusha faili gani. Faili nyingi za bure za vitabu vya zamani ni kurasa zilizopigwa picha kisha zikageuzwa maandishi na mashine, na katika kugeuzwa huko fomula huharibika: kipeo hushuka na kuwa namba ya kawaida, alama ya kutoa hutoweka. Chagua PDF yenye picha ya ukurasa wenyewe, au iliyopangwa upya na watu, kama ile ya Hardy ya Project Gutenberg. Zile nakala za bei rahisi zinazochapwa kutoka picha hizo, kabla hujalipa, fungua katikati uhakikishe kurasa zinafuatana. Bei ya kutoa kopi sura moja au mbili stesheneri ni ndogo, na karatasi inavumilia penseli kuliko kioo cha simu.

Anayetaka kuanza juma hili alenge sura ya nne ya Hardy. Aruke sura ya kwanza, ambayo ni ngumu kuliko inavyohitajika mwanzoni, na ya pili aipitie haraka. Asome hadi pale mifuatano inapopewa maana ya kikomo, kisha achague mazoezi matano, asiyachague mepesi, na ayapeleke kwa mtu mwingine mmoja, mwalimu au mwanafunzi mwenzake, amweleze kwa Kiswahili kwa nini kila hatua inasimama. Pale maneno yatakapomwishia ndipo arudi kitabuni.